Kuacha Tumbaku, na Kudumu Katika Kuiacha

Mara nyingi jambo hili hutokea katika vijiji vya misioni. Jumatano ya Majivu mvutaji huwatangazia watu wa nyumba yake kwamba kwa siku 40 hatagusa sigara. Juma la kwanza anateseka. Anakuwa mkali kwa watoto, halali vema, mikono yake haijui mahali pa kukaa. Juma la tatu mateso yanapungua. Juma la tano amekwisha kusahau hata mahali alipoweka kiberiti. Kumbe siku ya Pasaka, baada ya chakula, rafiki anamnyoshea sigara moja, naye anaipokea akicheka. Kabla ya Pentekoste amekwisha kurudia hesabu yake ya kale, sigara tano au kumi kila siku.

Basi, hapa pana swali. Jumatano ya Majivu mwili wa mtu huyo ulikuwa mtumwa wa tumbaku. Siku ya Pasaka mwili ulikuwa umekwisha kufunguliwa, maana mateso ya kuacha hudumu majuma mawili, matatu, au manne, kisha hupita. Alishinda wakati wa vita vikali, akaanguka wakati wa amani. Kwa sababu gani?

Jibu lake si gumu kwa mwenye kutazama vema. Mtu huyo hakuacha tumbaku, aliifunga tu. Anayefunga chakula anajua saa ya kufungua, naye moyoni huingoja saa hiyo. Siku zote 40 sigara ilikaa mlangoni kama mgeni aliyeambiwa, "Ngoja kidogo." Kufunga tumbaku ni tendo jema wala halipotei bure, kwa maana limemwonyesha mtu kwamba anaweza. Lakini kuacha ni kazi nyingine, na kudumu katika kuacha ni kazi ya tatu, ambayo wengi hawaifikirii kabisa mpaka wamekwisha kuanguka.

NGUVU YA TUMBAKU

Tumbaku si mmea wa asili wa Afrika. Ulitoka Amerika. Mwaka 1492 mabaharia wa Christopher Columbus waliwaona wenyeji wa visiwa vya huko wakivuta moshi wa majani makavu. Baadaye meli za Wareno na za mataifa mengine zilileta mbegu zake katika pwani za Afrika, na mbegu zikapanda bara, bustani hata bustani, mpaka milima ya Kivu. Wazee walizoea kiko, wengine ugoro. Sigara ya dukani ilifuata nyuma. Kwa Kinyarwanda, lugha inayosemwa na wengi katika Masisi, watu hawasemi kuvuta bali kunywa: "kunywa itabi", yaani kunywa tumbaku. Neno hilo lina akili ndani yake, maana moshi hunywewa kweli, na ndani yake mna kitu kinachomshika mnywaji.

Kitu hicho huitwa nikotini. Mtu avutapo moshi, nikotini huingia mapafuni, hupita katika damu, na kwa muda wa sekunde 10 hivi imekwisha kufika ubongoni. Huko huamsha raha kidogo. Walakini haikai. Baada ya saa mbili nusu yake imekwisha kutoka katika damu, na ubongo uliozoea huanza kudai. Mvutaji husikia wasiwasi, hasira kidogo, uzito wa kichwa. Anawasha nyingine, wasiwasi unatulia, naye husema, "Sigara inanituliza." Kumbe sigara imetuliza njaa ambayo yenyewe imeileta. Ni kama mwizi aliyemnyang'anya mtu mfuko wa faranga, kisha humrudishia moja kila baada ya saa mbili, na mwenye mali anamshukuru.

Nikotini ndiyo kamba inayofunga. Kinachoua zaidi ni moshi wenyewe. Katika moshi wa tumbaku mna lami inayoganda mapafuni, mna sumu nyingi zinazozaa kansa, na mna ile hewa mbaya ya makaa, ileile inayowaua watu waliolala na jiko la makala katika chumba kilichofungwa. Hewa hiyo hushika nafasi katika damu, nafasi iliyokuwa ya hewa safi. Mwenye kusukuma chukudu katika mlima wa Sake, akiwa na magunia ya viazi au ya makala, anajua thamani ya pumzi. Akivuta sigara, anapanda mlima na mzigo mwingine ambao hakuna atakayemlipa kwa kuubeba.

Kiko hakina usalama. Ugoro na tumbaku ya kutafuna hazina moshi, lakini nazo zina nikotini ya kumfunga mtu, na tumbaku ya kutafuna huweza kuleta kansa ya kinywa. Kwa hiyo anayetoka katika sigara kwenda katika ugoro hajaacha. Amehama nyumba tu.

HESABU YA MIAKA

Zamani watu walibishana kama tumbaku inaua ama haiui. Ubishi huo umekwisha. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walionyesha kwamba wagonjwa wa kansa ya mapafu walikuwa karibu wote wavutaji. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuata waganga wa Uingereza, wanaume zaidi ya 34,000, wavutaji na wasiovuta, wakiandika nani amekufa na kwa ugonjwa gani. Kazi hiyo ilidumu miaka 50. Mwaka 2004 matokeo yalitolewa: mvutaji wa maisha hufa mapema kuliko asiyevuta, kwa kadiri ya miaka 10.

Lakini habari njema ilikuwamo pia ndani ya hesabu hiyo. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 30 aliokoa karibu miaka yote 10. Aliyeacha kwenye miaka 40 aliokoa kama 9, kwenye 50 kama 6, kwenye 60 kama 3. Basi, mzee asemaye, "Mimi nimekwisha haribika, niacheni na kiko changu," hesabu inamkatalia. Miaka 3 ni mingi kwa mtu anayetaka kumwona mjukuu wake akianza shule.

Shirika la Afya Ulimwenguni husema kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, na katika hao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta wenyewe: walikaa tu katika moshi wa wengine. Katika vijiji vya Masisi jambo hili ni zito, kwa kuwa nyumba nyingi tayari zina moshi wa kuni. Mtoto mchanga anayelala karibu na jiko, kisha baba akavuta kando yake, anapumua moshi mara mbili. Na kifua kikuu nacho hupenda mapafu ya mvutaji. Hatari ya kuugua ni zaidi ya mara mbili kuliko kwa asiyevuta.

MAPAPA NA TUMBAKU

Wakatekumeni huuliza kama Kanisa limewahi kusema neno juu ya tumbaku. Limesema, na si mara moja. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII aliwakataza mapadri na waamini kutumia tumbaku ndani ya makanisa ya jimbo la Sevilla, nchi ya Hispania, na adhabu yake ilikuwa kutengwa na Kanisa. Watu walikuwa wakinusa ugoro hata wakati wa Misa, wakapiga chafya na kuchafua mahali patakatifu. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII aliondoa marufuku ya namna hiyo katika kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma. Katika siku zilizo karibu zaidi, Papa Fransisko aliamuru kwamba tangu mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena katika Vatikano, ijapokuwa biashara hiyo ilikuwa ikileta fedha. Na Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, namba 2290, hutaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa, kuwa vitu ambavyo fadhila ya kiasi humwepusha mtu kuvitumia vibaya. Mvutaji aliyefungwa asidhani kwa hiyo kwamba afadhali ajifiche asionekane kanisani. Ni mgonjwa anayehitaji msaada, na mlango wa mafundisho uko wazi kwake kama kwa wengine.

MAZUNGUMZO YA MWALIMU NA MKATEKUMENI

Mkatekumeni: Mwalimu, nimewaza kuacha. Lakini nitapunguza kidogo kidogo. Leo kumi, mwezi ujao tano, halafu mbili, mpaka ziishe zenyewe.

Mwalimu: Umewahi kujaribu hivyo, ndugu?

Mkatekumeni: Ndiyo, Mwalimu, mara mbili. Nilifika tatu kwa siku.

Mwalimu: Na hizo tatu zilikuwaje?

Mkatekumeni: (akicheka) Tamu kupita zote. Kutwa nzima nilikuwa nazingoja.

Mwalimu: Hapo umejijibu mwenyewe. Unapopunguza, kila moja inayobaki inapanda bei moyoni mwako. Mwaka 2016 wataalamu huko Uingereza walipima jambo hili. Wavutaji 697 walitaka kuacha. Nusu yao walipunguza muda wa majuma mawili kabla ya siku ya kuacha. Nusu nyingine walivuta kama kawaida, halafu wakakata siku moja. Wote walipewa dawa na mashauri. Baada ya miezi sita, waliokata mara moja, 22 katika 100 walikuwa bado wameacha. Waliopunguza, 15 au 16 tu.

Mkatekumeni: Lakini, Mwalimu, hata hao 22 ni wachache. Wengine 78 walianguka!

Mwalimu: Kweli, wala sitakuficha. Shirika la Afya husema kwamba katika watu 100 wanaojaribu bila msaada wowote, ni kama 4 tu wanaofaulu. Je, maana yake nini?

Mkatekumeni: Kwamba haiwezekani.

Mwalimu: Hapana. Maana yake ni kwamba kujaribu peke yako, kwa siri, ni njia mbaya. Hiyo namba 4 ni ya mtu asiyemwambia mtu. Umemwambia mama wa nyumbani?

Mkatekumeni: Bado. Naogopa nikianguka atanicheka.

Mwalimu: Mwambie leo. Akikucheka siku moja, si neno. Mwambie pia mganga wa zahanati, maana hata shauri fupi la mwuguzi huongeza watu wanaofaulu. Na shauri refu, la kurudiwa mara kwa mara, huongeza zaidi.

JUMA LA KWANZA

Mwenye kuacha achague siku, wala asiichague mbali. Juma moja au mawili yatosha. Asichague siku ya arusi wala siku ya soko kubwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo atoe nyumbani sigara zote, kiko, majani yaliyokaushwa juu ya dari, hata kile kipande alichochomeka ukutani "kwa siku mbaya". Hasa kile. Mtu aliyeficha sigara moja hajaamua bado. Ameweka akiba ya kuanguka.

Siku tatu za kwanza ndizo kali kuliko zote. Hamu huja kama wimbi la ziwa la Kivu wakati wa upepo: hupanda, hufika juu, kisha hushuka. Mtu asiyelijua wimbi hudhani litaendelea kupanda mpaka limzamishe, naye hukimbilia sigara kabla halijafika kilele. Kumbe hamu moja hudumu dakika chache tu, tano au kumi. Basi kazi ya mtu si kushinda maisha yake yote siku ile. Kazi yake ni kuvuka dakika kumi. Anywe maji polepole. Aondoke mahali alipo, aende kupasua kuni, au kuangalia ng'ombe, au kuchota maji ingawa si zamu yake. Atafune kipande cha muwa, maana kinywa na mikono vimezoea kushika kitu.

Kuna neno moja linalowarudisha wengi nyuma kwa kutojua. Baada ya kuacha, kikohozi huweza kuongezeka majuma ya kwanza. Mvutaji husema, "Tazama, nimeacha na sasa naugua! Mwili wangu unataka tumbaku." Sivyo. Ndani ya njia za pumzi mna vinyweleo vidogo sana ambavyo kazi yake ni kufagia uchafu. Moshi ulikuwa umevilaza. Sasa vimeamka na vinafagia taka za miaka mingi. Baada ya miezi michache kikohozi hupungua na pumzi huongezeka. Walakini kikohozi kilichozidi majuma mawili, au chenye damu, au kinachofuatana na homa na kukonda, kisidhaniwe kuwa ni kufagia. Mtu huyo aende hospitali kuu ya Kirotshe, au kituo cha afya kilicho karibu, apimwe kifua kikuu.

Dawa za kusaidia kuacha zipo duniani: vibandiko na ubani wenye nikotini kidogo, na vidonge vya namna mbili tatu. Tangu mwaka 2009 vibandiko na ubani huo vimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni, lakini kufika vijijini ni habari nyingine. Anayeweza kuvipata Goma kwa shauri la mganga avitumie. Asiyeweza asingoje, maana wengi sana duniani wameacha bila dawa hizo.

KAZI YA TATU

Sasa na atazamwe mtu wa mfano, mvuvi wa sambaza wa pwani ya Kirotshe. Samaki hao wadogo waliletwa katika ziwa la Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, nao huvuliwa usiku, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, taa zikiwaka juu ya maji. Usiku ni baridi. Kuna saa nyingi za kungoja samaki waifuate taa. Kila mvuvi aliye karibu naye anavuta. Mtu huyo ameacha tangu miezi minne, na mwili wake hauna nikotini hata chembe. Lakini taa inapowashwa na nyavu zinaposhushwa, anasikia hamu kama ya siku ya kwanza.

Hapo wengi hukata tamaa wakisema, "Basi, sitapona kamwe." Wanakosea. Mwili umepona. Kinachoita ni mazoea. Kwa miaka kumi taa na sigara vimekaa pamoja usiku kucha, na kimoja kikija, kingine hutafutwa, kama mtu azoeaye kumwona mzee na fimbo yake, akiiona fimbo peke yake huuliza mzee yuko wapi. Mazoea hayo hayafi kwa kungoja. Hufa kwa kupitia mahali palepale mara nyingi bila kuvuta. Usiku wa kwanza ziwani ni mgumu, wa kumi ni mwepesi, wa hamsini mvuvi hukumbuka sigara alfajiri tu, akiwa anakunja nyavu. Ndiyo sababu kila mahali pana vita vyake: aliyeshinda ziwani hajashinda bado sokoni Minova, na aliyeshinda sokoni hajashinda katika matanga.

Pombe ni hatari kupita zote. Mtu anaweza kushika neno lake mchana kutwa, kisha kikombe cha pili cha kasiksi kikamlegeza. Kasiksi haimwambii "vuta". Humwambia tu "si kitu". Kwa miezi mitatu ya kwanza, ambayo ndiyo wengi huanguka, yafaa mwenye kuacha aepuke kikao cha pombe kabisa. Rafiki zake watanung'unika. Na wanung'unike.

Hatari nyingine ni sigara ya kuuzwa moja moja. Nchi ya Uganda ilikataza kwa sheria ya mwaka 2015 kuuza sigara moja moja, wala si bila sababu: pakiti nzima humfanya mtu afikiri, sigara moja haigharimu hata fikira. Mtoto anapita na sahani yake barabarani, na kuanguka kunapatikana kwa faranga chache.

Tena kuna huzuni na hofu. Watu wa Masisi wameonja vita miaka mingi, na mwezi wa Januari 2025 vita vilipofika Minova na Sake, wengi wa pwani hii ya ziwa walichukua mikeka yao wakakimbia. Katika siku kama hizo hakuna mwenye haki ya kumcheka mtu aliyewasha sigara. Lakini ukweli haubadiliki kwa sababu ya vita: sigara haikufukuza hofu, ilimpa tu mtu deni la kila siku mahali ambapo hata unga ni shida. Aliyeacha na ajue mapema, siku za amani, nini atakachofanya siku ya habari mbaya: atakwenda kwa nani, atakaa na nani usiku ule. Akingoja habari mbaya ije ndipo aanze kufikiri, mkono utafikiri badala yake.

Na "moja tu"? Hilo ndilo neno lililomwangusha mtu wa Pasaka. Aliyekuwa mvutaji hana "moja tu". Kwa asiyewahi kuvuta, sigara moja ni kikohozi na kizunguzungu. Kwa aliyeacha, hata baada ya mwaka, huamsha njia yote ya zamani ambayo ilikuwa imeota majani. Kwa hiyo jibu lake liwe fupi, lilelile kila siku, wala asilitungie sababu. "Asante, ndugu, sivuti." Asiseme, "Najaribu kuacha," maana neno hilo hualika mabishano. Anayenyosha sigara si adui. Mara nyingi ni ukarimu tu. Na apokee ukarimu kwa namna nyingine, aombe muhogo wa kuchoma.

ALIYEANGUKA

Hata hivyo, wengi wataanguka. Hapo kuna mafundisho mabaya mawili. La kwanza husema, "Si kitu." La pili husema, "Nimeharibu yote, afadhali nivute mpaka Kwaresima ijayo." Hilo la pili limewaua wengi zaidi, kwa kuwa limevaa nguo za majuto. Aliyevuta sigara moja Jumapili jioni amevuta moja. Akitupa pakiti usiku uleule, majuma sita aliyoshinda bado ni yake. Akingoja Kwaresima ijayo, atavuta elfu mbili.

Akiisha kuitupa, na akae chini aulize sawasawa: Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwapo? Nilikuwa nimekunywa nini? Nilikuwa na hasira na nani? Majibu hayo ni ramani. Wengi wa walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu, na kila mara walijua tundu moja zaidi la ua wao.

Kazi ya mke hapa ni kubwa, au ya mume, kama mama ndiye mwenye kiko. Kumnusa kinywa kila jioni kama askari wa mpaka hakusaidii. Humfundisha kuficha tu. Afadhali yule mama aliyesema, "Baba watoto, nimeona leo ulivuta. Kesho ni siku ya kwanza tena. Nitakuamsha mapema twende shambani pamoja."

Faida huja kwa hatua. Baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo unaoletwa na tumbaku imepungua kwa nusu. Baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa kansa ya mapafu ni kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Lakini mwenye kuacha haoni moyo wake wala mapafu yake. Huona fedha. Sigara 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka, yaani pakiti 91 za sigara ishirini ishirini, na tano juu. Huyo si mvutaji mkubwa.

Kazi ya nyumbani kabla ya somo lijalo: kila mvutaji katika kundi aulize kioskini bei ya sigara moja, aizidishe kwa hesabu yake ya siku, kisha kwa siku 365, aandike jumla katika daftari. Kando yake aandike bei ya mbuzi mmoja katika soko la Bweremana, na bei ya daftari za watoto wake kwa mwaka mzima. Asiyejua kuandika ahesabu kwa punje za maharage, azilete katika kikapu.